Ufadhili wa uzamili wa kupiga na kuimba muziki: mwongozo kamili kwa walioko Mtwara na Lindi

Kila ikifika Novemba simu huanza kuita. Mpiga kinanda wa kwaya Masasi, mwalimu wa muziki Nachingwea, kijana wa tarumbeta Mikindani, wote wanauliza jambo moja: "Nafasi za ufadhili wa muziki zinatoka lini?" Jibu linauma, maana nyingi huwa zimeshafungwa mwezi mmoja kabla. Na hata waliowahi kuomba, wengi hukwama palepale walipokwama wenzao wa mwaka uliotangulia. Rekodi ilifanywa kwa haraka siku ya mwisho. Kozi waliyochagua haiingii kwenye masharti ya mfadhili. Barua moja ilitumwa kwa wafadhili wanne.

Mwongozo huu ni kwa anayetaka shahada ya uzamili ya kupiga ala au kuimba. Tangu siku ya kuanza maandalizi hadi kupanda ndege, hesabu mwaka mmoja na nusu. Katika masomo mengine mwombaji hutafuta fedha kwanza, chuo baadaye. Kwenye muziki wa jukwaani ni kinyume: wanaoamua hukusikiliza kabla hawajasoma unachoandika, na rekodi dhaifu haiokolewi na barua nzuri. Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye rekodi kuliko kwenye fomu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Pasipoti. Huhitaji kwenda Dar es Salaam kuiomba. Ofisi za Uhamiaji za mkoa zipo Mtwara na Lindi. Andaa kitambulisho cha NIDA na cheti cha kuzaliwa. Hakikisha jina ni lilelile, herufi kwa herufi, kwenye vyeti vyote. Kama cheti cha kidato cha nne kina jina moja na shahada ina jingine, shughulikia hati ya kiapo mapema.

Cheti cha shahada ya kwanza na transkripti, yaani orodha ya masomo na alama zako. Skani kila ukurasa kwa rangi, ihifadhi kama PDF. Picha ya simu yenye kivuli cha mkono haifai; steshenari yoyote ya mjini itakufanyia kazi hiyo.

Orodha ya saa ulizofanya kazi ya muziki. Andika kila kitu: kufundisha kwaya, kupiga kwenye ibada na harusi, kufundisha shuleni, kuandaa matamasha. Orodha hii utaihitaji kwenye Hatua ya 1.

Baruapepe rasmi yenye jina lako halisi, na namba ya simu ambayo hutaibadilisha kwa miaka miwili.

Akiba ya fedha ya maombi. Wafadhili wakubwa nitakaowataja humu hawatozi ada ya kuomba. Vyuo vingi vinatoza. Mtihani wa Kiingereza nao una ada, na kwa IELTS, mmoja wa mitihani hiyo, utasafiri hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 550 kutoka Mtwara mjini, ukalale huko.

## Hatua ya 1: Jua unaomba fedha ya nani

Fedha za uzamili wa muziki ziko kwenye mikono ya aina tatu, na kila mmoja ana anachokitafuta.

Chuo chenyewe. Hiki kinatafuta mpigaji au mwimbaji bora, basi. Mfano ulio wazi ni shule ya muziki ya Yale huko Marekani: baada ya zawadi ya dola milioni 100 iliyotangazwa mwaka 2005, wanafunzi wake hawalipi ada ya masomo. Maombi hufungwa mwanzoni mwa Desemba, na mchujo wa awali ni rekodi. Vyuo vikuu vingine vya Marekani hutoa nafasi ya usaidizi: unapigia kwaya ya chuo kinanda au unafundisha madarasa ya mwaka wa kwanza, nao wanakufutia ada na kukupa posho. Nafasi hizi hazitangazwi kama "skolashipu", ndiyo maana watu wa kwetu hawazioni. Ziulizie kwenye idara ya muziki.

Ujerumani ina vyuo vya muziki vya serikali ambavyo vingi havitozi ada ya masomo. Lakini jimbo la Baden-Württemberg, lenye vyuo vya Stuttgart, Freiburg, Karlsruhe, Mannheim na Trossingen, hutoza euro 1,500 kwa muhula kwa wasiotoka Umoja wa Ulaya. Kwa hiyo angalia chuo kwa chuo, usisikilize anayesema "Ujerumani ni bure".

Serikali za nje. Hizi zinatafuta mtu atakayerudi nyumbani na kufanya jambo. Chevening ya Uingereza hulipa ada, posho, nauli na viza. Inataka saa 2,800 za uzoefu wa kazi, na kazi ya kujitolea inahesabiwa. Ukifundisha kwaya saa 10 kwa wiki bila malipo, utafika saa hizo baada ya zaidi ya miaka 5. Ukiongeza kazi ya kuajiriwa, mapema zaidi. Sasa unaona kwa nini nilisema uandike orodha.

Onyo kubwa kuhusu Chevening: inafadhili kozi ya mwaka mmoja tu. Vyuo vya muziki vya Uingereza vina kozi nyingi za uzamili za miaka miwili, na hapo ndipo waombaji wengi wa muziki huangukia. Unachagua kozi tatu. Zote tatu ziwe za mwaka mmoja, za muda wote, zinazoanza vuli.

DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi na wasomi, ina ufadhili mahususi kwa wahitimu wa muziki, na posho yake kwa wahitimu ni euro 992 kwa mwezi pamoja na bima ya afya na mchango wa nauli. Kupata DAAD hakukupi nafasi chuoni. Usaili wa chuo, yaani kupiga au kuimba mbele ya walimu wanaochagua, unaufanya mwenyewe, na ukishindwa usaili, ufadhili nao unaondoka. Vyuo vingi vya muziki vya huko pia vinataka Kijerumani, hivyo anza kujifunza mapema; Goethe-Institut ipo Dar es Salaam, na masomo ya mtandaoni yapo kwa aliye Newala au Liwale.

Serikali ya China nayo inafadhili Watanzania kila mwaka, muziki ukiwemo, ila jiandae kutumia mwaka mmoja kujifunza Kichina kwanza.

Taasisi binafsi. Mandela Rhodes inafadhili Waafrika wenye umri wa miaka 19 hadi 29 kusoma Afrika Kusini, fani yoyote, na Chuo Kikuu cha Cape Town kina chuo cha muziki chenye kozi za upigaji. Kwa mtu wa Mtwara na Lindi naipenda njia hii kuliko nyingi: maisha ni nafuu kuliko Ulaya, na wanaothamini uongozi watakusikiliza hata kama ulianzia kwaya ya kijijini. Ila umri hauna msamaha.

Kuhusu ndani ya nchi, niseme kwa ufupi. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania unatoa mikopo kwa kazi za sanaa, haukujengwa kulipia uzamili nje. Unaweza kukusaidia kununua vifaa. Usiuhesabu kama ada.

Umefanikiwa hatua hii ukiwa na majina matatu tu kwenye karatasi: moja la chuo chenye fedha zake, moja la serikali, moja la taasisi au la akiba. Mwenye majina kumi na tano hajachagua bado.

## Hatua ya 2: Pima kama shahada yako inaingia

Vyuo vingi vya uzamili wa upigaji vinataka shahada ya kwanza ya muziki. Waliosoma muziki Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Tumaini Makumira wana njia iliyonyooka. Wengi wa huku kwetu wana shahada ya ualimu, lugha au utawala, na muziki wameupata kanisani, kwenye bendi au kwa mwalimu binafsi.

Kama uko kundi la pili, usikate tamaa na usidanganye. Andikia ofisi ya udahili swali moja: je, uzoefu wa kitaalamu unapokelewa badala ya shahada ya muziki? Vipo vyuo vinavyopokea, hasa rekodi ikiwa na nguvu. Jibu likiwa hapana, umeokoa ada ya maombi na miezi ya kusubiri.

Mpiga malimba, ngoma au zeze anahitaji kuchagua kwa makini zaidi. Chuo kinachofundisha piano na violini tu hakina mwalimu wa kukusikiliza. Sibelius Academy ya Helsinki ina uzamili wa muziki wa dunia, na huko mtu aliyekulia kwenye sindimba anakuja na hazina, hahitaji kuomba radhi kwa kutosoma nota za Ulaya toka utotoni. Atahitaji hata hivyo kuonyesha kwamba anaweza kupiga na watu wa mila nyingine.

## Hatua ya 3: Panga kalenda kuanzia mwisho

Anza na tarehe ya kufunga maombi, kisha rudi nyuma. Maombi ya vyuo vingi vya muziki vya Uingereza hupitia UCAS Conservatoires, mfumo wa pamoja wa maombi mtandaoni, na hufungwa mwanzoni mwa Oktoba. Chevening hufunguliwa Agosti na kufungwa vuli hiyohiyo. Yale ni Desemba. Mandela Rhodes hufunguliwa miezi ya mwanzo wa mwaka.

Hii ndiyo kalenda ninayowapa watu wa kusini:

1. Januari hadi Machi: chagua vyuo na kazi za kupiga. Anza taratibu za pasipoti.
2. Aprili hadi Juni: mazoezi mazito, na mtihani wa Kiingereza.
3. Julai na Agosti: rekodi. Mvua imekwisha na mabati hayapigi kelele.
4. Agosti na Septemba: barua, mapendekezo, fomu.
5. Oktoba hadi Desemba: tuma, kisha jiandae kwa usaili.

Angalia jambo linalowakwamisha wengi: fedha. Minada ya korosho huanza Oktoba, na malipo kwa mkulima hufika baadaye. Ada za mtihani na za vyuo unazihitaji kati ya Aprili na Septemba. Ikiwa familia ndiyo inayokuchangia, zungumza nao wakati wa malipo ya msimu *uliopita*, watenge sehemu. Baba aliyelipwa Desemba akaambiwa Agosti kuna ada ya mtihani, atakuwa ameshaezeka nyumba.

## Hatua ya 4: Rekodi

Hapa ndipo nafasi yako inapopatikana au kupotea.

Chagua kazi. Soma masharti ya chuo neno kwa neno. Wengi wanataka kazi mbili au tatu za nyakati au mitindo tofauti, na nyingine ni za lazima. Piga unachokimudu kwa utulivu. Jopo linasikia haraka mtu anayepambana na kazi iliyomzidi, na linapendezwa na kazi ya wastani iliyopigwa kwa ukamilifu. Mwimbaji wa kwaya akumbuke kwamba hapa anaimba peke yake, na sauti iliyozoea kujichanganya na wenzake huhitaji miezi ya mazoezi ili isimame.

Tafuta mahali. Kanisa la mawe au la zege lenye dari ya juu linafaa kuliko chumba cha hoteli. Omba kwa paroko au mchungaji kwa barua, na taja saa. Saa nzuri ni alfajiri baada ya ibada, kabla bodaboda hazijajaa barabarani. Zima feni, friji ya sakristia, na simu za wote waliomo. Kaa mbali na madirisha ya upande wa bahari. Upepo wa kusi wa Julai unaingia kwenye maikrofoni na kuharibu kila kitu.

Piano. Vyuo vingi havipokei rekodi ya piano iliyopigwa kwenye kinanda cha umeme. Kama huna piano halisi karibu, panga safari ya Dar es Salaam na uiunganishe na siku ya mtihani wa Kiingereza, ili nauli iwe moja.

Mwenza wa kukupigia. Mwimbaji au mpiga tarumbeta anahitaji mpiga kinanda anayejua kazi hizo vizuri. Fanyeni mazoezi pamoja wiki kadhaa. Mpiga kinanda aliyekuja siku ya rekodi kusoma nota kwa mara ya kwanza atakushusha.

Kurekodi kwenyewe. Simu nzuri inatosha kwa picha, ila sauti ichukue kwa maikrofoni ya nje au kinasa sauti, umbali wa mita mbili hadi tatu. Weka simu kwenye stendi, kwa ulalo, uso na mikono vionekane muda wote. Rekodi kipande cha majaribio, kisikilize kwa spika za masikioni sehemu yenye sauti kubwa kabisa. Ikikwaruza, punguza kiwango cha kuingiza sauti au sogea nyuma. Usiongeze mwangwi wala usisahihishe sauti kwa programu. Jopo linalitambua na linakuondoa.

Usikate na kuunga ndani ya kazi moja. Kila kazi iwe ya mkupuo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Kati ya kazi na kazi unaweza kusimama.

Kupandisha. Video ya dakika 20 inaweza kuzidi GB 2. Pandisha usiku wa manane, mtandao ukiwa mtulivu, na siku kadhaa kabla ya mwisho. Chuo kikiruhusu YouTube, chagua mpangilio wa kuonekana kwa mwenye kiungo tu. Kisha fungua kiungo hicho kwenye simu ya mtu mwingine. Kikifunguka huko, kitafunguka na kwa jopo.

Umefanikiwa ikiwa mwanamuziki asiye rafiki yako anaweza kusikiliza dakika mbili za mwanzo bila kutaka kusogeza mbele. Mtafute mtu huyo na umwombe ukweli.

## Hatua ya 5: Mwandikie mwalimu unayetaka akufundishe

Uzamili wa upigaji ni masomo ya mwalimu na mwanafunzi ana kwa ana. Mwalimu anayekutaka anaweza kukutetea kwenye kikao cha fedha. Barua iwe fupi, sentensi sita au saba: wewe ni nani, unapiga nini, kwa nini yeye, kiungo cha rekodi moja, na swali kama anapokea wanafunzi mwaka huo. Usimwombe fedha. Asipojibu kwa wiki tatu, mkumbushe mara moja kwa heshima, kisha endelea na mwingine.

## Hatua ya 6: Barua ya maelezo, moja kwa kila mfadhili

Chuo kinataka kujua unavyofikiri kuhusu muziki wako. Serikali inataka kujua utarudi kufanya nini. Taasisi inataka kujua wewe ni mtu wa namna gani kati ya watu. Barua moja haiwezi kujibu maswali hayo matatu.

Linganisha mifano hii miwili kwa mfadhili wa serikali:

> "Nimependa muziki tangu utotoni na ninataka kuitumikia nchi yangu kwa kipaji changu."

> "Kwa miaka sita nimefundisha kwaya tatu Masasi. Waimbaji wetu wanapoteza sauti mapema kwa sababu hakuna aliyefundishwa kutunza koo. Nikirudi nitafundisha walimu wa kwaya wa wilaya kila likizo ya shule, nikianzia parokia mbili ambazo tayari nafanya nazo kazi."

Wa pili unaweza kupimwa. Una mahali, tatizo, na hatua ya kwanza ambayo mtu anaiona. Kusini tuna mengi ya namna hii: mapiko na sindimba za Wamakonde, tamasha la MaKuYa linalowakutanisha Wamakonde, Wamakua na Wayao, bendi za makanisa, kwaya zisizo na mwalimu. Taja ulichoshiriki kweli, na uwe na picha au barua ya kuthibitisha. Wasailiwa wa Chevening huulizwa kwa undani, na habari ya kuazima huonekana hapohapo.

## Hatua ya 7: Barua za mapendekezo

Tafuta watu wawili au watatu: mmoja aliyekufundisha chuoni, mmoja aliyekuona ukipiga au ukifundisha kwa muda mrefu. Askofu au mbunge asiyejua kazi yako hakuongezei kitu.

Waombe wiki sita kabla. Wapelekee rekodi, nakala ya barua yako, tarehe ya mwisho, na karatasi moja yenye mambo unayoomba wayataje. Mifumo mingi humtumia mwandishi kiungo kwenye baruapepe yake. Mwalimu mzee asiyefungua baruapepe mara kwa mara anahitaji mtu wa kukaa naye siku hiyo. Nenda mwenyewe, ukae naye wakati anaituma.

## Hatua ya 8: Hesabu pengo

Andika gharama zote za mwaka: ada, chakula, malazi, bima, nauli, viza, nota na matengenezo ya ala. Kando yake andika kila fedha iliyoahidiwa kwa maandishi. Tofauti ndiyo pengo lako.

Uingereza, kwa mfano, humtoza mwanafunzi pauni 776 kwa mwaka kwa huduma ya afya anapoomba viza. Ujerumani humtaka asiye na ufadhili aonyeshe euro 11,904 kwenye akaunti iliyozuiwa, yaani akaunti ya benki ambayo fedha zake hutolewa kidogo kidogo kila mwezi. Aliyepata "nafasi bila ada" bila kupanga haya hubaki nyumbani na barua ya udahili mkononi.

Pengo dogo linaweza kuzibwa na usharika, jimbo lenye uhusiano na kanisa la Ulaya, au tamasha la kuchangisha. Pengo kubwa kuliko nusu ya gharama, omba chuo kiahirishe nafasi mwaka mmoja, uombe fedha tena. Usikope kwa riba kulifunika.

Na wakala akikuomba fedha ili "akuingize" Chevening, DAAD au Mandela Rhodes, mkatalie. Maombi yao ni bure na unayatuma mwenyewe.

## Hatua ya 9: Ukipata jibu la ndiyo

Kama wewe ni mwalimu wa serikali, ombi la ruhusa ya masomo lipeleke kwa mkurugenzi wa halmashauri siku hiyohiyo, ukiambatanisha barua ya ufadhili. Usisubiri viza.

Anayekwenda Uingereza kwa zaidi ya miezi sita lazima apimwe kifua kikuu kwenye kliniki iliyoidhinishwa Dar es Salaam. Cheti kina nguvu kwa miezi sita, hivyo usipime mapema mno. Panga kipimo na alama za vidole za viza kwenye safari moja, na acha angalau siku nne kati ya miadi na basi la kurudi, kwa sababu wakihitaji makohozi utarudi kliniki siku zinazofuata. Matokeo ya makohozi huchukua wiki kadhaa, hivyo usiache kipimo hadi dakika ya mwisho. Ala yako iulizie shirika la ndege kabla ya kukata tiketi: gitaa na tarumbeta huingia ndani ya ndege kwa masharti tofauti, na malimba yatahitaji sanduku la mbao linalofungwa na fundi kabla hujaondoka Mtwara.